Ukweli ni Amana ya Mgonjwa

 

Maradhi yaliyomchukua mume wangu yalianzia kwenye daftari. Kwa miaka 11 alikuwa mweka hazina wa msikiti wa mtaani kwetu, hapa Themi. Katika muda wote huo haikupata kusomwa hesabu ya mwezi ikakosa hata shilingi mia. Alikuwa karani wa hesabu kwa taaluma, mtu wa rula na wino mweusi, na kurasa zake zilikuwa safi kiasi kwamba vijana wa madrasa walipewa wazitazame wajifunze mwandiko. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwandiko ule ulianza kupinda. Tarakimu zilihama safu. Mchango mmoja uliandikwa mara mbili, kisha ukafutwa mara mbili. Mwezi wa Novemba hesabu iliposomwa baada ya swala ya Ijumaa, fedha zilizokuwapo benki na kwenye sanduku zilipungua kwa shilingi 1,800,000 kulinganisha na daftari. Waumini walimtazama. Naye alisimama akitafuta neno, asilipate.

Hakuna aliyetamka waziwazi kwamba mweka hazina amekula fedha za msikiti. Lakini salamu zilianza kufupishwa. Watoto walirudi madrasa na maneno waliyoyaokota njiani. Kamati ilipomwomba alete risiti, alifoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yetu ya ndoa, akasema daftari liko sawa na asiyeridhika aende akahesabu mwenyewe. Hasira ile ikawa ushahidi wa pili dhidi yake.

Nyumbani nako mambo yaligeuka. Mume mpole akawa mwepesi wa kukasirika. Alisahau majina ya vitu: ufunguo akauita "kile cha mlango," na kijiko akakiita "cha chai." Asubuhi aliamka na maumivu makali ya kichwa, akatapika, kisha mchana akapata nafuu. Katika zahanati moja alitibiwa malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja. Baadhi ya jamaa wakasema huyu ametupiwa jini kwa sababu ya fedha za watu. Tukampeleka kwa mtu mmoja aliyejiita tabibu, na wiki tano zikapita kwa makombe na mafusho. Sisemi dhidi ya kisomo. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni katika mafundisho ya dini yetu. Kosa letu lilikuwa kukifanya kisomo kisingizio cha kutokwenda hospitali, ilhali Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu, na kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha yule bedui aliyeagizwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali.

Alfajiri moja ya Januari 2019 alikuwa akitawadha kwenye bomba la uani. Wingu lilikuwa limepasuka na kilele cha mlima Meru kinaonekana. Nilisikia ndoo ikianguka. Nilipotoka, mkono wake wa kulia ulikuwa ukirukaruka, mdomo umependa upande, kisha mwili wote ukakakamaa. Jirani mmoja alikimbilia kijiko amtie mdomoni, mwingine akataka kitunguu anusishwe. Baadaye niliambiwa kuwa yote mawili ni makosa. Mtu aliyeshikwa na degedege huondolewa vitu vigumu vilivyo karibu naye, hulazwa ubavu ili mate yatoke, hatiwi chochote mdomoni, na ikipita dakika tano bila kutulia hukimbizwa hospitali.

Siku hiyohiyo alipigwa picha ya CT-Scan hapa Arusha. Daktari alituonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, umezungukwa na maji ya uvimbe kama doa la mafuta kwenye karatasi. Akaeleza kwamba kwa watu wengi upande ule ndio unaotawala maneno, mkono wa kulia na hesabu.

"Hesabu pia, daktari?" niliuliza.

"Hesabu pia, mama."

Nililia pale pale, na daktari akadhani ninalilia uvimbe.

Tulipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile inayojulikana kwa kifupi MOI, ambayo pamoja na mifupa inashughulikia upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Kabla ya safari alianzishiwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe unaozunguka donda, pamoja na vidonge vya kuzuia degedege. Baada ya siku tatu za deksamethasoni maumivu yalipungua na nusu ya maneno yake yakarudi. Familia ikashangilia, ikadhani amepona. Ndugu zangu, dawa hiyo huleta nafuu, lakini haiuondoi uvimbe. Hupandisha sukari, humfanya mgonjwa ale sana, akose usingizi na awe na hasira, na haiachwi ghafla bila agizo la daktari.

Wapo walioniambia kwamba kichwa hakifunguliwi Afrika. Maneno hayo si kweli. Hata huko Haydom, katika nyanda za Mbulu, mwaka 2006 daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, aliwakuta watabibu wenyeji, akamfundisha mmoja wao, Emmanuel Mayegga, kufanya upasuaji wa kichwa. Mayegga hakuwa hata daktari bingwa, bali daktari msaidizi, naye baadaye akamfundisha mwenzake. Wakati ule mabingwa wa fani hiyo nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Leo Muhimbili, Mwanza na kwingineko kazi hiyo inafanywa na Watanzania wenyewe.

Mume wangu alipasuliwa mwishoni mwa Januari. Sehemu kubwa ya uvimbe ilitolewa, na kipande kikapelekwa maabara. Tulikaa Ilala kwa mama yake mdogo tukisubiri majibu. Yalipotoka, niliitwa mimi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Jina la ugonjwa lilikuwa glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la nne, ambalo ndilo daraja la juu kabisa.

Niliyoelezwa na daktari siku ile nayaandika hapa kwa sababu huenda yupo msomaji anayeyahitaji leo. Saratani hii huota ndani ya ubongo wenyewe, katika chembe zinazoitegemeza mishipa ya fahamu. Haiambukizi, na kwa wagonjwa walio wengi hairithiwi wala haijulikani chanzo chake. Hutuma mizizi myembamba katikati ya ubongo mzima, hivyo hata mpasuaji hodari hawezi kuing'oa yote. Tiba yake ina nguzo tatu: upasuaji, mionzi na vidonge vya temozolomidi. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki sita, vipindi 30, huku mgonjwa akimeza vidonge kila siku. Kisha hupumzika kama mwezi mmoja, halafu vidonge huendelea siku tano katika kila siku 28, mizunguko sita. Mgonjwa mzee sana au dhaifu anaweza kupewa mionzi ya wiki tatu tu.

Mpango huo ulithibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa kwa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12. Walioongezewa vidonge, nusu yao walipita miezi 14. Waliofikisha miaka miwili walikuwa 10 katika kila 100 kwa mionzi pekee, na 26 katika kila 100 kwa mionzi na vidonge. Tangu hapo kimepatikana kifaa cha umeme kinachovaliwa kichwani, ambacho utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kinaongeza miezi michache, lakini ni ghali mno. Ipo pia dawa iitwayo bevasizumabu, inayopunguza uvimbe lakini haikuthibitika kurefusha maisha. Maseneta wawili wa Marekani, Edward Kennedy na John McCain, waliugua saratani hiihii. Mmoja alifariki tarehe 25 Agosti 2009, mwingine tarehe 25 Agosti 2018, kila mmoja ndani ya kipindi cha mwaka mmoja na miezi michache tangu alipogunduliwa, na hospitali zote za nchi yao zilikuwa wazi kwao.

Tulipotoka kwa daktari, shemeji alinishika mkono kwenye ngazi. "Shemeji, mdogo wangu asijue. Tukimwambia atavunjika moyo na atakufa kabla ya siku zake." Mama mkwe kwa simu akasema vivyo hivyo: "Mwanangu, mfichie mwenzio." Nikakubali. Tukamwambia uvimbe ulikuwa mdogo, umetolewa wote, na mionzi ni ya kusafishia tu.

Uongo huo ulidumu siku tisa, na sijapata kuishi siku nzito kama zile. Kila nilipoingia chumbani alinitazama usoni kama anayesoma hesabu. Siku ya nne aliniuliza kwa maneno yake ya kukatikakatika: "Mama watoto, hesabu yangu imefungwa, au bado iko wazi?" Nikajibu kuwa bado wanasubiri majibu. Akageukia ukutani. Toka hapo hakuniuliza tena, na nikatambua kuwa tumemwacha peke yake. Sisi tulikuwa wengi upande mmoja na siri yetu, naye upande wa pili na hofu yake, hana wa kumwambia.

Usiku wa tisa hakulala. Alikaa kitandani akanisemesha polepole, akitafuta kila neno: "Nina fedha za watu. Daftari la msikiti halijanyooka. Kuna bahasha ya yule mjane. Kama siku zangu ni chache, niambieni nirudishe. Kama ni nyingi, niambieni nipumzike."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona dhuluma tuliyokuwa tukiifanya kwa jina la huruma. Mtu huyu alikuwa na amana mabegani. Alikuwa na deni la heshima mbele ya waumini waliomdhania vibaya. Alikuwa na wasia haujaandikwa, na maradhi yenyewe ni ya kula akili: kesho aliyonayo leo huenda asiwe nayo. Tukimnyima ukweli, tunamnyima nafasi ya kukutana na Mola wake akiwa ameweka mambo yake sawa. Ukweli ule haukuwa mali yangu wala ya shemeji. Ulikuwa wake, sisi tulipewa tumshikie.

Asubuhi nilimweleza shemeji kwamba nitamwomba daktari aseme naye. Alinikasirikia, na sikumlaumu, maana alikuwa akimpenda mdogo wake. Daktari alikaa kando ya kitanda, hakusimama. Kwanza alimuuliza, "Mzee, ungependa nikueleze kiasi gani?" Mume wangu akanyoosha kiganja chote. Akaelezwa yote, kwa upole na bila kuzungushwa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza neno moja: "Miezi?"

"Kwa wengi ni mwaka na kidogo," daktari alisema. "Wachache hupita miaka miwili. Mimi si mwenye siku za mtu."

Alilia, nami nikalia. Kisha akaomba maji ya kutawadha. Usiku ule alilala mpaka alfajiri, usingizi wake wa kwanza tangu tufike Dar es Salaam.

Jambo la pili lilikuwa nyumba. Shemeji, kwa mapenzi hayohayo, alikwisha pata mnunuzi wa nyumba yetu ya Themi ili mdogo wake apelekwe India. Mume wangu alimuuliza daktari huko India kuna nini ambacho hapa hakipo. Daktari akajibu kwamba vipimo ni vingi zaidi na mashine ni nyingi zaidi, lakini kwa ugonjwa huu nguzo ni zilezile tatu. Mume wangu akamgeukia kaka yake: "Kaka, usiwaachie wanangu deni juu ya msiba." Nyumba haikuuzwa. Siwalaumu wanaosafiri, kwani si kila uvimbe wa kichwani ni huu. Upo uitwao meninjioma, unaoota kwenye utando unaoufunika ubongo, ambao mara nyingi si saratani, na wengi hutolewa wakapona. Ninachosema ni kwamba msiuze kitu kabla ya majibu ya maabara, na muulizeni daktari swali lile aliloliuliza mume wangu: huko tuendako kuna nini ambacho hapa hakipo?

Mwezi wa Machi alianza mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kando ya bahari, kwenye jengo la kale lililoachwa na Wajerumani. Wakati ule mgonjwa wa kaskazini aliyehitaji mionzi alikuwa na njia mbili, Dar es Salaam au Bugando, Mwanza. Walimtengenezea kinyago cha plastiki cha kushikilia kichwa kisitikisike. Kipindi chenyewe kilikuwa cha dakika chache, hakina maumivu. Uzito ulikuwa katika wiki zile sita: nauli, chakula, uchovu, nywele kudondoka upande mmoja. Vidonge vya temozolomidi vilikuwa ghali. Ndugu walichanga, na ofisi ya ustawi wa jamii ilitusaidia kujua gharama gani zina msamaha na zipi hazina. Nenda kwenye ofisi hiyo siku ya kwanza, usingoje fedha ziishe. Nami nilijifunza kuandika dawa zote kwenye karatasi moja ukutani, saa na kipimo, na kuweka alama kila inapomezwa, kwa maana mgonjwa wa ubongo hawezi kukumbuka na mwangalizi aliyechoka husahau.

Tulirudi Arusha mwezi wa Aprili, mvua za masika zikinyesha na mto Themi umejaa. Alikuwa amekonda miguu na kuvimba uso, lakini akili ilikuwa imetulia. Jambo la kwanza aliloagiza ni kuitwa kamati ya msikiti ije nyumbani, na daftari liletwe.

Tatizo lilikuwa risiti. Hazikuonekana kokote. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha nne, alipekua nyumba nzima, akazikuta ndani ya sanduku la kanzu za Idi, zimekunjwa kwenye kilemba. Baba yake hakukumbuka kuziweka pale. Basi akaketi nao, imamu, katibu na wazee wawili, binti akisoma, yeye akisikiliza amefumba macho. Alipotajiwa pengo la shilingi 1,800,000 alifumbua macho akasema: "Tisa. Gawa kwa tisa."

Binti akagawa, ikatoka 200,000 bila kubaki kitu. Wenye taaluma ya hesabu wanajua kwamba tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa tisa kamili. Wakaanza kutafuta tarakimu zilizopinduliwa. Kabla ya adhuhuri walipata: saruji na nondo za shilingi 3,100,000, risiti na muhuri wa duka vipo, zimeandikwa kwenye daftari kuwa 1,300,000. Hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Fedha zilikuwa kwenye nguzo za msikiti, na waliomsema walikuwa wakiziegemea.

Katibu alilia kama mtoto. Mume wangu akamwambia, "Nimekusameheni. Nanyi mnisamehe nilivyowafokea." Kisha akatoa bahasha ya yule mjane, imeandikwa jina lake, shilingi 400,000 kamili, akaikabidhi mbele yao. Ijumaa iliyofuata imamu alisimama akaeleza mambo yote, akausia juu ya dhana mbaya na ghiba. Wiki nzima nyumba yetu haikukosa wageni.

Tafakarini, ndugu zangu. Lau tungeendelea kumficha, risiti zingeoza katika lile sanduku, na wanangu wangekulia mtaa ambao baba yao anajulikana kwa wizi.

Katika siku zilezile aliandika wasia mbele ya shekhe na mashahidi wawili. Tulikumbushwa kuwa wasia hauvuki thuluthi ya mali wala haupewi mrithi, na kwamba hata zawadi anazotoa mtu akiwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa katika thuluthi hiyohiyo. Wenye mgonjwa wa namna hii wasichelewe. Wasia wa mtu aliyekwisha potewa na akili hausimami, na akili huweza kutangulia kuondoka kabla ya roho.

Ramadhani iliingia mwezi wa Mei. Alitaka kufunga. Daktari alimkataza, kwani kukosa maji, usingizi na dawa kwa saa zake kungemrudishia degedege. Shekhe akamweleza kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa fidia, kumlisha maskini mmoja kwa kila siku, na kwamba kuitumia ruhusa ya Mola wake pia ni utii. Alikubali kwa shingo upande. Kila jioni alihesabu mwenyewe vibaba vya mchele wa fidia, na hakukosea hata kimoja. Swala aliswali ameketi, baadaye amelala, baadaye kwa ishara ya macho.

Mwezi wa Oktoba mkono wa kulia ulilegea tena na maneno yakaanza kuondoka. Picha ilionyesha uvimbe umerudi. Tulielezwa kuwa upo upasuaji wa pili na zipo dawa nyingine, lakini faida yake kwa hali aliyokuwa nayo ni ndogo. Yeye mwenyewe alikwisha tuagiza: ukirudi, nileteni nyumbani. Basi tukachagua tiba shufaa. Wengi hudhani tiba hiyo ni kukata tamaa. Mimi niliiona kuwa ni tiba kamili yenye lengo jingine: mgonjwa asiumie, asishikwe na degedege, asipate vidonda vya mgongoni, na jamaa wasilemewe. Hapa kwetu hospitali ya Kilutheri ya Selian ina huduma hiyo kwa miaka mingi, na wauguzi wake huwafuata wagonjwa majumbani. Muuguzi aliyekuja kwetu alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumlisha akiwa ameinuliwa kichwa, na kumpima maumivu kwa kutazama uso wake alipokuwa hawezi tena kusema. Hakuwa wa dini yetu, lakini akikuta tunaswali alisubiri barazani mpaka tutoe salamu.

Alipohitaji mofini ya maji, mama mkwe alishtuka, akasema si vyema mwanawe aondoke duniani na kileo kinywani. Shekhe akamtuliza: hiyo ni dawa inayotolewa na tabibu kwa kipimo, kuondoa maumivu, na dharura ina hukumu yake. Mama akaridhika. Kuanzia hapo ni yeye aliyeshika kikombe.

Shemeji, yule aliyetaka asiambiwe, alikuja kila usiku kunipokea zamu. Mwangalizi naye ni mgonjwa wa pili. Kama jirani yako anauguza, usimwulize unahitaji nini. Mfulie shuka, mpeleke mtoto wake shule, kaa na mgonjwa saa mbili ili alale.

Wiki za mwisho tulikigeuza kitanda. Kutoka Themi kibla ni upande wa mlima Meru, na dirisha la chumba chetu linautazama. Alifariki mwezi wa Februari 2020 baada ya swala ya alfajiri, miezi 13 tangu ndoo ianguke uani, uso wake umeelekea huko. Kwenye mazishi yake waliobeba jeneza zamu ya kwanza walikuwa wanakamati wa msikiti.

Nilikaa eda yangu miezi minne na siku kumi, na nilikuwa na muda wa kujiuliza mengi. Najutia wiki tano za mafusho. Najutia siku tisa za uongo. Siku ambazo alijua hali yake, hata zilizokuwa chungu, sizijutii. Enyi mlio na mgonjwa ndani ya nyumba: maumivu ya kichwa ya kila asubuhi yanayoambatana na kutapika, degedege la kwanza kwa mtu mzima, udhaifu wa upande mmoja, maneno yanayopotea au tabia inayogeuka ghafla, hayo yampeleke hospitali upesi. Akishagundulika, msimkimbie kwa uongo. Mwulizeni angependa kujua kiasi gani, kisha mpeni kile alichokiomba, na mkae naye.

Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe sisi subira njema na mwisho mwema. Amin.